Familia Takatifu na Njia ya Kurudi Nyumbani

Dominika ya Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu – Mwaka A
Masomo: YbS 3:2-6, 12-14; Kol 3:12-21; Mt 2:13-15, 19-23



Ndugu wasikilizaji wapenzi, popote mlipo, majumbani, hospitalini, safarini, na hasa ninyi mliokusanyika kigangoni pamoja na katekista wenu kwa kuwa padre hakuweza kufika leo, tunawasalimu nyote katika furaha ya Noeli.

Leo Mama Kanisa anatuwekea mbele ya macho Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu. Wengi wetu tukiitaja familia hiyo tunaikumbuka picha iliyotundikwa ukutani: Yosefu na randa yake, Maria ameketi na kazi ya mkono, Mtoto akicheza kando yao, nyumba imetulia. Picha hiyo si mbaya. Lakini Injili tuliyoisoma leo haina nyumba. Ina usiku, ina njia ndefu, ina mpaka wa nchi, na ina mtoto mchanga ambaye mfalme anamtafuta ili amwue. Katika siku hii ya familia, Kanisa limechagua kutusomea habari za familia inayokimbia. Yafaa tujiulize kwa nini.

Tuisikilize habari yenyewe kwa utulivu. Malaika anamjia Yosefu ndotoni na kumwagiza aamke, amchukue Mtoto na mama yake, akimbilie Misri. Yosefu hasubiri kuche. Anaondoka usiku ule ule. Waliowahi kukimbia wanajua maana yake: mtu anachukua kile ambacho mkono wake umekipata gizani, mlango unaachwa wazi, jirani haagwi. Kwa nini Misri? Kwa sababu Misri ilikuwa nje ya mamlaka ya Herode. Ilikuwa chini ya Warumi tangu mwaka 30 kabla ya Kristo, na Wayahudi wengi walikuwa wakiishi huko, hasa katika mji wa Aleksandria. Askari wa Herode waliweza kuingia kila nyumba ya Bethlehemu, lakini hawakuweza kuuvuka mpaka ule. Kwa hiyo, ndugu wapenzi, mpaka wa nchi uliokoa maisha ya Mwokozi wetu. Uliyaokoa kwa sababu upande wa pili ulikuwa wazi.

Injili haitupi jina la Mmisri hata mmoja. Haituambii ni nani aliyewapa maji, ni nani aliyewaonyesha mahali pa kulala, ni nani aliyempa Yosefu kazi ya kwanza ya useremala katika nchi ya watu. Lakini watu hao lazima walikuwapo, kwa maana mtoto hakui kwa hewa. Hadi leo ndugu zetu Wakristo Wakopti wa Misri huadhimisha tarehe 1 Juni kila mwaka sikukuu ya Bwana kuingia katika nchi yao. Wanaihesabu kuwa heshima kubwa kwa taifa lao. Nchi nyingi hujivunia vita zilivyovishinda. Wakopti wanajivunia mkimbizi waliyempokea.

Na Mungu alikuwa amewafundisha watu wake jambo hilo tangu zamani. Katika Torati, mara nyingi, Waisraeli wanakumbushwa kwamba wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri, na kwa hiyo wasimwonee mgeni. Tena katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, aya ya 15 na 16, iko amri ambayo hatuisomi mara nyingi. Mungu anaagiza kwamba mtumwa aliyemtoroka bwana wake na kukimbilia kwenu asirudishwe mikononi mwa bwana huyo. Akae kati yenu, mahali atakapopachagua mwenyewe, wala asionewe. Mataifa ya ulimwengu yalikuja kuliandika jambo linalofanana na hilo katika Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi: mtu asirudishwe mahali ambapo uhai wake au uhuru wake umo hatarini. Yaliyoandikwa Geneva na wanasheria, Musa alikwisha kuyasikia jangwani.

Na sisi wa Tanzania je? Tunaweza kumshukuru Mungu bila kujisifu, kwa kuwa baba zetu walilielewa neno hilo. Tarehe 10 Septemba 1969, kule Addis Ababa, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) zilifanya mkataba wao juu ya wakimbizi. Humo zilikubaliana kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, na kwamba nchi nyingine isilichukulie kuwa tendo la uadui. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipokewa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakapewa ardhi, wakalima, wakajitegemea. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa medali ya Nansen, ambayo hutolewa kwa waliowatumikia wakimbizi. Na mwaka 2014 Warundi wapatao 162,000 wa makazi yale, pamoja na watoto waliozaliwa humo, walipata kukamilishiwa uraia wa Tanzania. Watu waliokuja na mafurushi vichwani, miaka zaidi ya 40 baadaye waliitwa wenyeji. Hilo si jambo dogo mbele ya Mungu.

Halafu ukaja mwaka 1994. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Wilaya ya Ngara. Ndugu mkulima wa Ngara aliyelala jioni katika kijiji chake, aliamka akiwa jirani ya mji mkubwa usio na nyumba. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni kwa kilomita nyingi. Maji yakawa haba. Mashamba yakavunwa na wasioyapanda. Silaha zikaingia, na usalama ukapungua. Tena miongoni mwa wale wenye njaa walikuwamo na watu wenye damu mikononi, waliokuwa wameua jirani zao. Tusimlaumu upesi mtu wa Ngara aliyechoka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na anayehubiri ukarimu akiwa mbali na daraja la Rusumo yampasa kuhubiri kwa unyenyekevu.

Hata hivyo, katika taabu ile, watu wema walifanya mengi. Mashirika ya Kanisa, Caritas, masista, makatekista na waamini wa Jimbo la Rulenge, ambalo sasa linaitwa Rulenge-Ngara, walihudumu bila kuchagua. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha pale Ngara kituo cha redio, likakiita Kwizera, neno ambalo katika lugha za jirani zetu linataja tumaini. Tunaosema nanyi leo kwa njia ya redio tunalikumbuka jambo hilo kwa heshima. Kwa mtu aliyempoteza mtoto wake katika msafara wa watu laki mbili na nusu, redio si burudani. Ni sikio la kusubiri jina.

Lakini mzigo uliendelea kuwa mzito, na msaada wa ulimwengu haukuwa sawa na maneno yake. Tarehe 31 Machi 1995 Tanzania iliufunga mpaka wake na Burundi. Hatupandi katika mimbari ili kuwahukumu viongozi wetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba mataifa yenye uwezo yana wajibu wa kumpokea mgeni anayetafuta usalama na riziki ambavyo hawezi kuvipata kwao, na kwamba wenye mamlaka, kwa ajili ya manufaa ya wote, wanaweza kuweka masharti ya sheria, naye mgeni yampasa kuzitii sheria za nchi iliyompokea. Kanisa halisemi kwamba mipaka ni dhambi. Nyumba ina mlango, na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza ni nani anabisha. Swali letu ni hili: Je, akisikia sauti ya mtoto anayetafutwa na mwuaji, atafungua?

Mpaka hapo, ndugu wapenzi, tumesema juu ya mlango wa kuingia. Lakini Injili ya leo ina sehemu mbili, na sehemu ya pili tunaipita haraka. Sehemu ya pili inahusu mlango wa kurudi.

Herode anakufa. Malaika anamtokea tena Yosefu ndotoni, anamwambia kwamba waliomtafuta Mtoto wamekwisha kufa, basi arudi katika nchi ya Israeli. Yosefu anatii. Anafunga mizigo, anaanza safari. Akiwa njiani anapata habari: huko Uyahudi anatawala Arkelao, mwana wa Herode. Mwinjili Mathayo anasema waziwazi kwamba Yosefu aliogopa kwenda huko. Na hapo ndipo tunapokuta jambo la kustaajabisha. Yosefu, ambaye Maandiko yanamwita mwenye haki. Yosefu, ambaye tayari ameambiwa na malaika kwamba hatari imekwisha. Yosefu huyo anaogopa. Je, Mungu anamkemea? Je, anamwambia kwamba imani yake ni haba? Hasha! Mungu anamjia tena ndotoni, na anaikubali hofu yake. Anamwelekeza kwenda Galilaya, katika mji wa Nazareti. Mbingu hazikuikemea hofu ya mkimbizi. Ziliisikiliza, zikamwonyesha njia nyingine.

Na historia ilikuja kuthibitisha kwamba Yosefu hakuogopa bure. Mwandishi wa Kiyahudi Yosefo Flavio anasimulia kwamba Arkelao alianza utawala wake kwa mauaji ya watu wapatao 3,000 wakati wa Pasaka. Ukatili wake ulizidi hata Wayahudi na Wasamaria, ambao hawakupatana, walipatana katika kumshitaki. Mwaka wa 6 baada ya Kristo, Kaisari Augusto alimwondoa katika utawala na kumpeleka uhamishoni Gallia, nchi ambayo leo ni Ufaransa. Mtu aliyekuwa amekaa mbali, akiwa na habari kwamba Herode amekufa, angeweza kusema: "Amani imerudi, kila mtu arudi kwake." Yosefu aliyekuwa njiani na Mtoto mikononi aliuliza swali moja zaidi: "Na aliyekalia kile kiti sasa ni nani?"

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayejua kama nyumbani kuna usalama ni yule aliyekimbia kutoka nyumbani. Walisema pia kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mara nyingine ung'ongo ni ung'ongo tu, na hofu inapaswa kutulizwa kwa habari za kweli. Lakini mara nyingine ni nyoka. Hatuwezi kujua kwa kumsukuma mtu mbele ili tuone kama ataumwa.

Kwa sababu hiyo mkataba ule wa Addis Ababa wa mwaka 1969 ulitamka wazi kwamba kurudi kwa mkimbizi kuwe kwa hiari yake, wala asirudishwe kwa kulazimishwa. Neno "hiari" ni fupi, lakini limebeba uhai wa watu. Hiari si karatasi iliyotiwa dole gumba. Mtu aliyepunguziwa chakula, aliyefungiwa soko, aliyeambiwa kwamba kambi itafungwa kwa tarehe fulani, kisha akaulizwa kama anapenda kurudi, huyo ameulizwa nini? Mtu ambaye njia zote zimezibwa isipokuwa moja, akiifuata hiyo moja hatusemi ameichagua.

Turudi katika historia yetu, tujifunze. Mwezi Desemba 1996 serikali yetu, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi ule. Wengi waliogopa, wakaondoka makambini na kuelekea ndani ya nchi, upande wa mashariki. Wanajeshi waliwageuza, na kabla ya mwaka mpya watu karibu nusu milioni walikuwa wamevuka tena daraja la Rusumo. Wapo waliosema: walikuwamo wauaji kati yao, wangefichwa hadi lini? Hoja hiyo ina uzito. Damu ya wasio na hatia inamlilia Mungu, na mwuaji hapaswi kujificha nyuma ya sketi ya mama mwenye njaa. Lakini kazi ya kumtenga mwenye hatia na asiye na hatia ni ya mahakama. Kwa ajili hiyo Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ambayo ilifanya kazi yake mjini Arusha hadi mwaka 2015. Mahakama humwuliza kila mtu jina lake na matendo yake. Msafara unaosukumwa barabarani haumwulizi mtu lolote. Mwuaji na mtoto anyonyaye wanatembea katika mstari mmoja.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwezi Desemba 2012 kambi ya Mtabila, huko Kasulu, ilifungwa, na Warundi wapatao 35,000 walirudishwa kwao. Ilionekana kwamba jambo limekwisha. Lakini mwezi Aprili 2015 Burundi iliingia tena katika machafuko ya kisiasa, na mwezi Mei maelfu kwa maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kiliwaingia, watu wakafa wakiwa wamekwisha kuokoka. Meli kongwe ya MV Liemba ilikwenda na kurudi ikiwachukua watu kuwapeleka Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Na miongoni mwa wale waliobebwa walikuwamo watu waliowahi kuwa wakimbizi hapa kwetu. Walijua njia. Walikuwa wameipita. Tunajifunza nini? Kwamba kumrudisha mtu kabla ya wakati si kulimaliza tatizo. Ni kuliahirisha, na anayelipa gharama ya kuahirisha ni mtoto.

Mtu mmoja aweza kutuuliza: "Basi, Padre, wakae daima?" La, ndugu. Injili haikuishia Misri. Yosefu alirudi. Kurudi nyumbani ni jambo jema, na ni haki ya kila mtu. Hakuna anayepika katika hema kwa miaka 20 kwa kupenda. Nyumbani ni nyumbani, hata kama ni pangoni. Hapana shaka wakimbizi wengi, wakipata habari za kweli na uhakika wa ardhi yao, hurudi wenyewe wakiimba. Tangu mwezi Septemba 2017, ulipoanzishwa mpango wa kuwasaidia Warundi kurudi, wengi wamerudi. Tunawaombea wote amani. Tunachosema ni kwamba Yosefu alirudi kwa miguu yake mwenyewe, baada ya kupata habari, kwa njia aliyoiona salama, na mahali alipoweza kumlea Mtoto. Hivyo ndivyo familia inavyorudi nyumbani. Na asiyeweza kurudi Bethlehemu, apewe Nazareti yake. Wale Warundi 162,000 Nazareti yao ilikuwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu.

Ndugu wapenzi, wengi wetu hatutungi sheria za mipaka. Hatufungi wala hatufungui daraja. Lakini mwishoni mwa mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 120 ulimwenguni walikuwa wamelazimika kuyaacha makazi yao, na sehemu kubwa yao hawakufika Ulaya wala Marekani. Walikuwa ndani ya nchi zao au kwa majirani, ambao mara nyingi ni maskini kama wao. Kwa hiyo jambo hili halipo mbali na kigango chetu. Tuseme mambo manne ambayo kila mmoja anaweza kuyafanya.

La kwanza ni ujira. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa, na watoke kwa kibali. Sheria ni sheria. Lakini akitokea mtu katika parokia zetu za mpakani akamwita mkimbizi kulima shamba lake, akamtumikisha mwezi mzima kwa kuahidi malipo, na siku ya malipo akaenda kutoa taarifa kwamba hapo kuna mtu asiye na kibali, mtu huyo hajaitii sheria. Ameitumia sheria kama rungu la kuibia. Mtume Yakobo ameandika kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Aliyefanya hivyo, kabla ya kuja kupokea Ekaristi, akalipe deni.

La pili ni ulimi. Neno "mkimbizi" ni neno la huruma. Tusiligeuze kuwa tusi. Watoto wakigombana shuleni na mmoja akamwita mwenzake "mkimbizi wewe", mzazi asinyamaze. Wapo waliopata uraia kihalali, wanalipa kodi, wanaimba kwaya moja nasi, na bado siku ya uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo mtu ananong'ona kwamba huyo si wa hapa. Tumwulize huyo anayenong'ona: Yesu alikuwa wa wapi? Alizaliwa Bethlehemu, akafichwa Misri, akaitwa Mnazareti.

La tatu linawahusu makatekista. Ninyi mnashika daftari la ubatizo na la ndoa. Mtoto wa mkimbizi akiletwa, liandikeni jina lake kamili, la baba na la mama, kijiji walikotoka na tarehe, kwa herufi zinazosomeka. Msiandike tu "mtoto wa kambini". Miaka ikipita, kijana huyo akimtafuta ndugu yake au akitakiwa kuonyesha umri wake na wazazi wake, huenda mstari ule mmoja ndio ushuhuda pekee duniani kwamba alizaliwa na watu wenye majina. Tena akija mjane anayetafuta habari za watoto waliopotea njiani, mwelekezeni kwa Msalaba Mwekundu, ambao una kazi ya kuwaunganisha waliotengana, na msichoke kutangaza majina baada ya ibada.

La nne ni kusikiliza. Yosefu alipata habari akiwa njiani. Nani aliyempa? Hatujui, ni mtu aliyekuwa tayari kusema naye kweli. Mkimbizi anahitaji mtu wa kusema naye kweli juu ya kwao. Tusiwatishe kwa uvumi ili wabaki na kutulimia kwa bei rahisi. Wala tusiwadanganye kwamba kote kumetulia ili waondoke. Kusema uongo juu ya usalama wa nyumba ya mtu ni kushuhudia uongo, na uongo huo unaweza kuua.

Somo la pili la leo, kutoka barua kwa Wakolosai, linatuagiza tujivike huruma, utu wema, unyenyekevu, upole na uvumilivu. Mtume anataja mavazi, na mavazi ndiyo kitu ambacho mtu aliyekimbia usiku mara nyingi hana. Baba Mtakatifu Pius XII, katika hati yake ya tarehe 1 Agosti 1952 iitwayo Exsul Familia, yaani familia iliyo uhamishoni, aliiweka mbele yetu Familia ya Nazareti kuwa kielelezo cha kila familia ya wakimbizi. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba tukitaka kujua sura ya Maria akiwa njiani kwenda Misri, hatuna haja ya kutafuta mchoraji. Tumtazame mama aliyeketi juu ya furushi lake kando ya ziwa, akimfunika mtoto kwa upande wa khanga, akingoja kuambiwa aende wapi. Na tukitaka kujua sura ya Yosefu, tumtazame baba anayeulizwa na mwenye karatasi kama atarudi au harudi, naye anamtazama mtoto wake kabla ya kujibu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, Mwanao wa pekee alilala chini ya anga ya nchi ya watu, na wale wasiolijua jina lake wakamhifadhi. Uwaangalie wote walioko njiani usiku huu. Uwape viongozi wetu hekima ya kulinda nchi bila kumfungia nje mtoto anayetafutwa. Uwape wenyeji wa mipakani moyo usiochoka, na uwape ndugu zao wa mbali aibu ya kutowaachia mzigo peke yao. Uwafungulie njia wanaotamani kurudi, na wanaoogopa kurudi uisikilize hofu yao, kama ulivyoisikiliza hofu ya Yosefu. Familia zilizotawanyika uzikusanye. Na sisi sote, tulio wasafiri katika dunia hii, utufikishe katika nyumba yako, ambamo hakuna atakayefukuzwa.

Ee Maria, Mama wa wanaokimbia, utuombee. Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Familia Takatifu, utuombee.

Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na ikae nanyi daima. Amina.